Uhakiki wa Nafasi ya Protini Zinazodhibiti Jeni katika Maelezo ya Magonjwa Sugu ya Mapafu: Mtazamo kutoka Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Maelezo ya kisayansi kuhusu magonjwa sugu ya mapafu yamebadilika sana tangu miaka ya 1990. Kabla ya hapo, pumu na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa vilielezwa zaidi kwa kutazama misuli inayobana, makohozi yanayojaa na vifuko vya hewa vinavyoharibika. Baadaye macho ya watafiti yalihamia ndani ya kiini cha seli, mahali ambapo protini maalumu hushika vinasaba na kuchangia kuamua jeni ipi isomwe, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Andiko lililosukuma sana mabadiliko hayo ni la Peter Barnes na Michael Karin, lililochapishwa mwaka 1997 katika jarida la New England Journal of Medicine. Andiko hilo liliipa protini moja, NF-κB, nafasi ya mhimili wa magonjwa sugu ya inflamesheni, yaani magonjwa ambayo mwitikio wa kinga huleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu katika tishu, kisha hauzimiki.

Makala haya yanahakiki dai hilo la mhimili pamoja na maandiko yaliyolifuata. Hoja inayotetewa ni kwamba protini hizo zimeelezwa vizuri kama njia ambayo ugonjwa hupitia, lakini zimepewa hadhi ya chanzo ambayo ushahidi hauzipi. Kosa hilo huonekana dogo maabara. Linapofikishwa katika mazingira ya wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, ambako moshi wa kuni na wa tanuri za mkaa ni sehemu ya kazi za kila siku, linakuwa kosa la tiba na la sera. Dawa iliyobuniwa kwa mapafu ya mvutaji sigara huchukuliwa kuwa inafaa mapafu ya mpishi na mchoma mkaa, na moshi wenyewe husahauliwa.

2.0 Andiko Linalohakikiwa na Ubora Wake

Uhakiki wa haki huanza kwa kueleza andiko linasema nini na limefaulu wapi. NF-κB iligunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore walipokuwa wakichunguza jinsi seli za kinga zinavyotengeneza kingamwili. Katika seli iliyotulia, protini hiyo hukaa nje ya kiini, katika sitoplazimu, ikiwa imeshikwa na protini nyingine iitwayo IκB. Seli inapoguswa na kichokozi, kama vile sumu ya bakteria, kirusi, kioksidishi cha moshi au homoni ya kinga iitwayo TNF, vimeng'enya huiwekea IκB alama ya fosfeti. Alama hiyo huifanya IκB ivunjwe. NF-κB huachiwa huru, huingia katika kiini, hushika sehemu maalumu za vinasaba na kuanzisha unakili wa jeni nyingi kwa pamoja. Miongoni mwa jeni hizo zimo zinazotengeneza TNF yenyewe, zinazoita seli nyeupe za damu katika mapafu na zinazozifanya kuta za mishipa kuwa na unato ili seli hizo zipate pa kushika.

Ubora wa Barnes na Karin ni kwamba walikusanya matokeo yaliyotawanyika na kuonesha muundo mmoja. Pumu, baridi yabisi na magonjwa sugu ya utumbo, ambayo hapo awali yalitibiwa na matabibu wasioonana, yalionekana kupitia mlango uleule. Pia walieleza kwa nini inflamesheni inaweza kujiendeleza: NF-κB huzalisha TNF, na TNF huiamsha tena NF-κB. Aidha, andiko lao liliyapa maana mapya matumizi ya steroidi, dawa ambazo zilikuwa zimetumika kwa miongo kadhaa bila utendaji wake ndani ya kiini kujulikana kikamilifu. Hakuna sababu ya kuyakana mafanikio hayo. Msomi anayeandika leo kuhusu mapafu bila kuyafahamu atakuwa anaandika nusu ya habari.

Baada ya andiko hilo, orodha ya protini za aina hii ilirefuka. GATA3 na STAT6 zilihusishwa na pumu inayoambatana na mzio. Susetta Finotto na wenzake walionesha mwaka 2002 kwamba panya wasio na protini iitwayo T-bet hupata mabadiliko ya njia za hewa yanayofanana na pumu. Tirumalai Rangasamy na wenzake walionesha mwaka 2004 kwamba panya wasio na Nrf2, protini inayoamsha jeni za kupambana na vioksidishi, huharibika mapafu haraka zaidi wanapovutishwa moshi wa sigara. Kazuhiro Ito na wenzake walionesha mwaka 2005 kwamba mapafu ya wagonjwa wenye kuziba kwa njia za hewa yana upungufu wa HDAC2, kimeng'enya kinachosaidia kuzifunga jeni zilizofunguliwa na NF-κB, na kwamba upungufu huo huongezeka kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali. Kwa kuwa steroidi huhitaji HDAC2 ili zifanye kazi hiyo ya kufunga jeni, matokeo hayo yalieleza kwa nini dawa zinazomsaidia mgonjwa wa pumu humsaidia kidogo mgonjwa wa aina hii.

3.0 Mhimili wa Ugonjwa au Mhimili wa Uhai?

Udhaifu wa kwanza wa dai la mhimili ni wa kimantiki. Katika ujenzi, mhimili ni kile ambacho kikiondolewa kilichosimama juu yake huanguka. Ikiwa NF-κB ni mhimili wa ugonjwa, kuiondoa kungeuangusha ugonjwa na kumwacha mgonjwa akiwa amesimama. Jaribio la kuiondoa lilikwisha fanyika kabla ya andiko la mwaka 1997. Amer Beg na wenzake walionesha mwaka 1995 kwamba panya aliyeondolewa RelA, sehemu kuu ya NF-κB, hufa akiwa bado kijusi, ini lake likiwa limeharibika. Kilichoanguka hapo ni uhai wenyewe.

Matokeo hayo hayakuwa siri. Barnes na Karin walijua kwamba protini hiyo inahitajika katika kinga ya kawaida, na walitahadharisha kuhusu hatari ya kuizuia kupita kiasi. Hata hivyo, tahadhari hiyo imebaki katika aya, ilhali neno mhimili limebaki katika kichwa cha andiko. Wasomaji wengi waliofuata walichukua kichwa na kuiacha aya. Hiki ni kisa kinachojulikana vizuri katika uhakiki wa matini za aina yoyote: sitiari hudumu kuliko masharti yaliyowekwa pembeni yake.

Mfano wa pili unatoka katika ugonjwa unaofahamika sana Afrika Mashariki. Mwaka 1987 Gary Nabel na David Baltimore walionesha kwamba virusi vya UKIMWI hubeba katika vinasaba vyake sehemu zinazoshikwa na NF-κB, na hivyo huitumia protini ya seli iliyoamshwa ili kujinakili. Protini inayomsaidia mtu kupambana na bakteria wa nimonia ndiyo hiyohiyo inayotumiwa na kirusi. Haina upande wowote, bali hufikisha taarifa kwamba seli imeguswa.

Mfano wa tatu umo ndani ya protini yenyewe. Miongoni mwa jeni ambazo NF-κB huziamsha imo jeni ya IκB, ile protini inayoishika. Maana yake ni kwamba kila inapoamshwa hutengeneza pia kamba ya kujifunga. Kwa seli iliyoguswa mara moja, mwitikio huwaka na kuzimika. Usugu wa ugonjwa, kwa hiyo, hauwezi kuelezwa kwa kuwepo kwa NF-κB, kwa kuwa NF-κB imo katika kila mtu mwenye afya. Unaelezwa na mambo mawili: kichokozi kinachorudi kabla mwitikio haujazimika, au kuharibika kwa vifaa vya kuuzima kama HDAC2. Kwa mtu anayepika kwa kuni asubuhi na jioni, jambo la kwanza halihitaji darubini ili lionekane. Kuhusu la pili, kinachodhaniwa kuharibu HDAC2 ni vioksidishi, na moshi una vioksidishi tele. Njia zote mbili zinarudi palepale.

4.0 Mapafu Yaliyosomwa na Mapafu Yasiyosomwa

Udhaifu wa pili ni wa ushahidi. Sehemu kubwa ya elimu kuhusu protini hizi katika ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa imetoka katika mapafu ya wavutaji sigara wa nchi tajiri, au katika panya waliovutishwa sigara. Mapafu hayo yanaweza yasiwe mfano wa mapafu yote. Inafaa kukumbuka kwamba Barnes mwenyewe, akishirikiana na Sundeep Salvi, aliandika mwaka 2009 katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huu kwa watu wasiovuta sigara umepuuzwa na kwamba moshi wa kuni, mkaa, mavi ya ng'ombe na mabaki ya mazao huenda ukawa kisababishi kikubwa kuliko vyote duniani. Andiko la mwaka 2009 linalikosoa la mwaka 1997 bila kulitaja. La kwanza lilisoma kiini cha seli na kuiona protini. La pili lilitazama nyumba na kuuona moshi. Hayajaunganishwa ipasavyo.

Wilaya za Kibaha na Kisarawe zinaonesha kwa nini muunganiko huo unahitajika. Zote mbili zinapakana na jiji la Dar es Salaam. Kibaha imekatwa na Barabara ya Morogoro, inayobeba malori ya dizeli kwenda bara na nchi jirani. Kisarawe ina misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na msitu wa Ruvu Kusini umo katika eneo la wilaya hizi mbili. Misitu hiyo imelilisha jiji nishati kwa muda mrefu. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2009 kwamba sehemu ya kaya za Dar es Salaam zinazotumia mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007. Antje Ahrends na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walionesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 2005 eneo la uchomaji mkaa lilisogea nje ya jiji kwa takriban kilomita 2 kila mwaka. Kwa kawaida tafiti hizo husomwa kama habari za misitu. Mtafiti wa mapafu anapaswa kuzisoma pia kama habari za pumzi, maana kila gunia linalofika jijini lina mtu aliyekaa na tanuri.

Tanuri la udongo hujengwa kwa kupanga magogo, kuyafunika kwa majani na udongo, kisha kuyaunguza polepole kwa siku kadhaa kwa hewa kidogo. Hewa kidogo ndiyo siri ya mkaa, na ndiyo sababu ya moshi mzito wenye chembe ndogo, monoksidi ya kaboni na kemikali ambazo hazikuungua zikaisha. Mchomaji hulizunguka tanuri mchana na usiku akiziba nyufa na kufungua matundu. Mkaa ukishafika mjini huwaka kwa moshi mchache kuliko kuni. Hivyo jiko la mjini hupata nafuu kwa sababu sehemu kubwa ya moshi imeachwa shambani. Wakati huohuo kaya nyingi za vijijini, zikiwemo za maeneo yanayozalisha mkaa, hupikia kuni, kwa kuwa mkaa ni bidhaa ya kuuza.

Moshi wa kuni una jambo jingine ambalo maandiko ya sigara hayalitilii mkazo wa kutosha. Sean Semple na wenzake walipima mwaka 2010 hewa ya nyumba zinazotumia kuni na nishati za aina hiyo nchini Malawi na Nepal, wakakuta kiwango kikubwa cha endotoksini, sumu ya kuta za bakteria. Endotoksini hutambuliwa na kipokezi cha seli kiitwacho TLR4, na njia ya TLR4 huishia moja kwa moja kwa NF-κB. Kwa hiyo mpishi hupata vichokozi vya aina mbili kwa pumzi moja: vioksidishi vya moshi na sumu ya bakteria. Dai la kwamba NF-κB huamshwa halipingwi hapa. Kinyume chake, linapata nguvu. Kinachopingwa ni kudhani kwamba matokeo ya kuamshwa huko yatakuwa yaleyale ya sigara.

Ushahidi kutoka Mexico unaitilia dhana hiyo shaka. Pat Camp na wenzake walilinganisha mwaka 2014 wanawake waliougua kwa moshi wa kuni na wale waliougua kwa sigara. Wa kuni walikuwa na hewa inayonaswa zaidi katika njia ndogo na uharibifu mdogo zaidi wa vifuko vya hewa. Ikiwa picha ya ugonjwa ni tofauti, yafaa kuuliza iwapo jeni zinazonakiliwa ni zilezile. Kovu katika njia ndogo za hewa huelekeza macho kwa protini za jamii ya SMAD, ambazo hupokea ujumbe wa homoni iitwayo TGF-β na kuamsha jeni za kolajeni. Hilo linapaswa kuchukuliwa kama dhana ya kupimwa. Hata hivyo, ni dhana ambayo haiwezi kuzaliwa pale ambapo msomaji ameshaambiwa kwamba mhimili ni mmoja na jina lake linajulikana.

Ukubwa wa tatizo hauna shaka. Magitta na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika European Respiratory Journal, waliwapima watu wazima vijijini Tanzania kwa spairometri na kukuta asilimia 17.5 wana kuziba sugu kwa njia za hewa. Nchini Uganda, wilayani Masindi, Frederik van Gemert na wenzake walikuta mwaka 2015 asilimia 16.2 kati ya watu 588 waliopimwa, na sehemu kubwa ya waliogundulika ilikuwa na umri wa miaka 30 hadi 39. Katika nchi za wavutaji sigara huu huchukuliwa kuwa ugonjwa wa uzeeni. Mgonjwa wa miaka 35 hawezi kuelezwa kwa miongo minne ya sigara. Anaweza kuelezwa kwa moshi uliomkuta mgongoni mwa mama yake, kwa maambukizi ya utotoni na, katika nchi yenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, kwa makovu yanayobaki baada ya mgonjwa kupona.

5.0 Ushahidi wa Dawa

Kipimo kigumu kuliko vyote cha nadharia ya tiba ni dawa inayotokana nayo. Ikiwa protini zinazodhibiti jeni ndizo mhimili, kuzirekebisha kungempa mgonjwa nafuu inayopimika. Majaribio mawili yanastahili kutazamwa.

La kwanza ni la teofilini. Ilionekana maabara kwamba teofilini kwa dozi ndogo huirudishia HDAC2 nguvu yake, na hivyo ingeweza kuziwezesha steroidi kufanya kazi. Dhana hiyo ilikuwa na mvuto wa pekee kwa Afrika Mashariki, kwa kuwa teofilini na ndugu yake aminofilini ni dawa za bei nafuu zilizotumika kwa muda mrefu katika vituo vya afya. Graham Devereux na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 waliokuwa wakitumia steroidi za kuvuta. Teofilini ya dozi ndogo haikupunguza idadi ya mara ambazo ugonjwa ulizidi ghafla. Mwaka 2021 Christine Jenkins na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la China lenye wagonjwa zaidi ya 1,600, ambapo teofilini, iwe peke yake au pamoja na dozi ndogo ya prednisoni, haikuleta faida hiyo.

Jaribio la pili ni la kuamsha Nrf2. Robert Wise na wenzake waliwapa wagonjwa salforafeni, kemikali inayopatikana katika mboga za jamii ya kabichi, ambayo maabara huiamsha Nrf2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kwamba katika mapafu ya wagonjwa hao hata kuamshwa kwenyewe hakukuonekana.

Haki inadai upande wa pili usikilizwe. Steroidi za kuvuta ni dawa iliyobadilisha maisha ya wagonjwa wa pumu, na hufanya kazi kupitia kipokezi kinachoingia katika kiini na kudhibiti jeni. Huu ndio ushahidi bora zaidi wa Barnes na wenzake, na uhakiki usioutaja ungekuwa wa upande mmoja. Lakini hata ushahidi huo una mpaka. Steroidi hutuliza pumu kwa muda zinapotumika. Zikiachwa, kwa wagonjwa wengi inflamesheni hurudi, ishara kwamba aliyeituma amri bado yupo. Vilevile dawa mpya zaidi, dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa pumu mwaka 2018 na kwa baadhi ya wagonjwa wa kuziba kwa njia za hewa mwaka 2024, haimgusi STAT6 mwenyewe. Huziba mlango ulio juu ya seli ambako homoni za IL-4 na IL-13 hubisha hodi, ili STAT6 asiitwe. Ushindi huo umepatikana kwa kuzuia wito kabla haujafika.

Kushindwa kwa teofilini na salforafeni hakuthibitishi kwamba HDAC2 na Nrf2 hazina kazi. Kunathibitisha kwamba kuiona protini mahali pa ugonjwa hakutoshi kuifanya shabaha ya tiba. Kwa mganga wa zahanati ya kijijini tofauti hiyo ina uzito. Mgonjwa anayehema kwa shida, ambaye kipimo cha pumzi hakipo kituoni, anaweza kupewa vidonge vya prednisoloni kwa muda mrefu kwa kudhaniwa kuwa ana pumu. Ikiwa ugonjwa wake ni wa moshi, nafuu ni ndogo, ilhali madhara ni yaleyale: sukari kupanda, mifupa kudhoofika na kifua kikuu kilicholala kuamka. Hata steroidi za kuvuta, katika jaribio la TORCH la mwaka 2007 lililohusisha wagonjwa wapatao 6,000, ziliongeza visa vya nimonia. Nadharia inayosema inflamesheni zote hupitia mlango mmoja humshawishi tabibu kuamini kwamba ufunguo mmoja unatosha.

6.0 Suala la Istilahi

Maandishi ya Kiswahili kuhusu mada hii bado ni machache, na hiyo ni fursa ya kuchagua maneno kwa uangalifu kabla hayajazoeleka. Istilahi iliyotumika katika kichwa cha makala haya, protini zinazodhibiti jeni, inaeleweka haraka lakini imebeba dai ndani yake. Kudhibiti ni kitenzi cha mwenye mamlaka: serikali hudhibiti mfumuko wa bei, polisi hudhibiti ghasia. Msomaji atakayelizoea neno hilo ataiona protini kama bwana wa jeni hata pale mwandishi atakapomwambia vinginevyo. Istilahi protini za unakili wa jeni ina ufasaha zaidi kwa kuwa huitaja kazi bila kutaja cheo.

Kama sitiari inahitajika, mazingira ya Tanzania yanayo iliyo bora kuliko mhimili. Mjumbe wa nyumba kumi hupokea habari kutoka kwa kaya na kuzipeleka panapostahili, na hupeleka maagizo kutoka juu kwenda kwa kaya. Hakuwasha moto katika nyumba aliyoitolea taarifa. Habari zikimfikia kila siku kwamba nyumba inaungua, tatizo haliko kwake, na kumwondoa hakuuzimi moto. Kiswahili kilikwisha sema kwamba mjumbe hauawi, na majaribio ya panya wa mwaka 1995 yanaweza kusomwa kama tafsiri ya kibiolojia ya methali hiyo.

Neno inflamesheni nalo limetumika hapa kwa makusudi. Neno uvimbe, linalotumiwa mara nyingi, humaanisha pia donge au saratani. Mgonjwa anayeambiwa ana uvimbe mapafuni huweza kuelewa jambo tofauti kabisa na lililokusudiwa. Lakini tatizo kubwa zaidi la istilahi liko mbali na maabara. Katika lugha ya kila siku, mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu husemwa kuwa anaumwa kifua, na njia mbili hufunguka mbele yake: kifua kikuu au pumu. Ugonjwa unaotokana na moshi hauna jina fupi ambalo mtu anaweza kulipeleka mwenyewe kwa mganga. Ni jambo la kufikirisha kwamba taaluma inaweza kujadili jina la protini iliyo ndani ya kiini cha seli wakati ugonjwa wenyewe haujapata jina kijijini. Ugonjwa usio na jina hauulizwi, hauhesabiwi wala haupangiwi bajeti.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba maandiko kuhusu protini za unakili wa jeni katika magonjwa sugu ya mapafu yana thamani kubwa kama ramani ya njia, na yana kasoro pale yanapoigeuza njia kuwa chanzo. Kasoro hiyo imetokana na sitiari ya mhimili, imekuzwa na ushahidi uliokusanywa zaidi kwa wavutaji sigara, na imeanza kufichuliwa na dawa zilizoshindwa.

Kwa utafiti wa Kibaha na Kisarawe mambo matatu yanafuata. Kwanza, ugonjwa utambuliwe kwanza kwa spairometri, na moshi upimwe mahali unapovutwa, yaani jikoni, kwenye tanuri na kando ya barabara. Kibaha ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Tumbi, iliyokua ndani ya Shirika la Elimu Kibaha ambalo mizizi yake ni mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963, na ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Uchunguzi wa aina hii unaweza kuanzia hapo na kuelekea vijijini, badala ya kusubiri sampuli zisafirishwe ng'ambo. Pili, protini kama NF-κB, HDAC2, Nrf2 na SMAD zichunguzwe katika makohozi ya wapishi na wachoma mkaa kama alama za kuonesha moshi umefanya nini na kama umepungua kiasi gani pale jiko linapobadilishwa. Katika nafasi hiyo ya shahidi protini hizi zinaweza kufanya kazi ambayo katika nafasi ya shabaha hazijaiweza. Tatu, matumizi ya muda mrefu ya steroidi za vidonge kwa wagonjwa wasiopimwa pumzi yasihalalishwe kwa nadharia iliyojengwa juu ya mapafu tofauti.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa kawaida mkakati huo hutetewa kwa hoja ya misitu. Elimu ya protini za unakili wa jeni, ikisomwa kwa uangalifu, inautetea kwa hoja ya seli: mwitikio unaojizima wenyewe hupata nafasi ya kuzimika pale tu kichokozi kinapoacha kurudi. Hata hivyo, mkakati unaoishia kwenye jiko la mjini utamwacha nje mtu wa kwanza katika mnyororo huo, yule aliyekaa na tanuri huko Kisarawe ili jiko la jijini liwake bila moshi.